Mzee wa Chavakali na geti la Russia: uchambuzi wa safari moja ya Kisumu

Mzee ana miaka 71 na anatoka kijiji kilicho nje kidogo ya Chavakali, kaunti ya Vihiga. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimerudi kiasi, anatembea kwa mkongojo, lakini ulimi haujarudi. Anaelewa kila anachoambiwa. Akijibu, maneno hutoka mazito na mtu asiyemzoea hapati kitu. Siku ya kisa hiki, mwezi wa Aprili, alikuwa na kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo watu wote wa Nyanza na Magharibi wanaiita Russia. Saa tano asubuhi hiyohiyo alikuwa amepangiwa picha ya kichwa katika kituo kimoja cha binafsi upande wa Milimani, kisha amrudishie daktari picha hiyo kabla ya saa nane mchana.

Aliyemsindikiza ni mke wa mwanawe wa pili. Mwana mwenyewe yuko kazini Nairobi, na mke wa mzee goti linamsumbua, hawezi kupanda na kushuka magari siku nzima. Mkaza mwana huyu ndiye aliyenisimulia, akiwa na karatasi aliyoandika kila nauli kwa sababu mumewe ndiye aliyetuma pesa. Amekubali niandike mradi nisitaje majina. Mimi nakaa Kisumu na watu wa upande wa Vihiga na Kakamega huniuliza njia za hospitali kila mara, na yaliyowapata hawa wawili naona yakiwapata wengine karibu kila wiki. Sehemu kubwa yake inaepukika bila kuongeza hata shilingi, ndiyo maana naona inafaa kulifumua jambo lenyewe hatua kwa hatua.

Asubuhi

Waliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa bodaboda mbili, shilingi 100 kila moja. Sheria inaruhusu abiria mmoja kwa pikipiki, lakini hata kama ingeruhusu wawili wasingepanda pamoja. Mzee ni Mmaragoli wa kizazi chake. Baba mkwe na mke wa mwana hawakai wakigusana, na kuna heshima ya nafasi kati yao ambayo vijana wengi wameiacha ila yeye hajaiacha. Mkaza mwana anaiheshimu bila kunung'unika. Naomba msomaji aikumbuke habari hii, maana ndiyo iliyoamua nani akae wapi siku nzima, na watu wanaotoa ushauri wa usafiri mara nyingi husahau kwamba abiria si mfuko wa mahindi. Kuna anayeweza kubanwa na yeyote, na kuna asiyeweza.

Chavakali walikuta matatu ya abiria 14 iliyoonekana imebakisha viti viwili tu: kimoja mbele kando ya dereva, kingine nyuma kabisa. Mzee akawekwa mbele kwa ajili ya mguu, mkaza mwana akaenda nyuma. Nauli 150 kila mmoja, ikakusanywa papo hapo. Gari halikuondoka. Lilikaa hapo hadi saa moja kasoro kumi, kwa sababu watatu kati ya waliokuwa ndani walikuwa vijana wa steji waliokalishwa ili gari lionekane limejaa, na walikuwa wanashuka mmojammoja kadiri abiria wa kweli walivyopatikana. Ukitaka kuwatambua, tazama mikono yao na mavazi yao. Hawana mkoba, hawana mfuko, na kwenye baridi ya Vihiga ya alfajiri wamevaa fulana tu, kwa sababu hawaendi popote. Mtu mwenye mgonjwa na saa ya miadi akiona watatu wa namna hiyo, ahesabu viti hivyo kuwa vitupu.

Njia ikawa Mbale, Majengo, Kiboswa, kisha mteremko wa Riat hadi Mamboleo na Kondele. Kondele nusu ya gari ilishuka. Makanga akiwa amesimama mlangoni, uso nje, akauliza, "Kuna wa Russia?" Mkaza mwana akajibu kutoka nyuma kwamba wapo wawili. Muziki ulikuwa juu, watu walikuwa wanakanyagana kushuka, na jibu lake halikufika mlangoni. Gari likang'oka.

Kwa upande wa mbele mzee alikuwa anaona vizuri kabisa. Hospitali ile anaijua tangu ujana wake. Walipoikaribia, akapiga dashibodi kwa mkono wa kushoto mara kadhaa na kujaribu kusema. Dereva akamtazama, akadhani mzee anakerwa na kelele, akapunguza sauti ya redio na kumpa pole. Geti likapita. Mkaza mwana alipogundua, walikuwa tayari wanaiona Kibuye, na makanga akamwambia, "Mama, tulia twende steji, hapa siwezi kusimama." Saa mbili kamili walikuwa ndani ya steji kuu, wametumia nauli ya kufika mahali ambapo hawakuwa na shida napo.

Kwa nini kila kitu kinateremkia steji

Kosa la pale Russia ni rahisi kumrushia makanga. Anastahili sehemu yake, kwa sababu aliuliza bila kungoja jibu. Lakini ukitazama umbo la mji utaelewa kwa nini watu wengi hupitilizwa na wasijali, na wengine hawajui hata kama wamepitilizwa.

Kisumu ilizaliwa na reli. Njia kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence, na mji ukajengwa pale stesheni na bandari zilipokutana. Ziwa linaufunga mji upande mmoja. Barabara kubwa zinaingia kwa pande zilizobaki: ya Nairobi kupitia Ahero na Nyamasaria, ya Busia kupitia Maseno na Kisian, na ya Kakamega kupitia Kiboswa, Mamboleo na Kondele. Zote zinateremkia katikati, na magari yanamalizia steji kuu, jirani na soko la Jubilee, kwa sababu hapo ndipo yanapojaza abiria wa kurudi. Steji imewekwa kwa faida ya gari. Mgeni naye hujifunza mji kwa kuingilia hapo, na baadaye huamini kwamba safari yoyote ya Kisumu lazima ianzie hapo.

Ila mengi ambayo watu wa mashambani wanayafuata Kisumu hayako katikati. Russia, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, iko kwenye barabara ya Kakamega, kati ya Kondele na Kibuye. Uwanja wa ndege uko barabara ya Busia. Uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta, ule uliofanyiwa sherehe za Madaraka mwaka 2021, uko Mamboleo. Ukitoka Chavakali kwenda Russia, unapita mlangoni pake kabla hujauona mji. Ukitoka Ahero kwenda palepale, huna budi kubadilisha gari.

Kwa hiyo ningependa kila anayemleta mgonjwa ajiulize swali moja kabla ya kuondoka nyumbani: ninakokwenda kuko kwenye barabara ipi, na mimi naingia kwa barabara ipi? Majibu yakiwa mamoja, shuka njiani. Yakitofautiana, hapo ndipo upange pa kubadilishia gari, na upange wewe mwenyewe kabla makanga hajakupangia. Hilo ndilo jambo kubwa ninalolitoa katika kisa hiki. Mafuta, foleni na polisi vina sehemu yao, lakini pesa na muda wa watu hawa wawili vilipotea kwenye maungio, pale wanapotoka chombo kimoja kuingia kingine, na kila ungio ambalo si la lazima ni nafasi ya kupoteza tena.

Tuktuk ya kwanza

Ndani ya steji walizungukwa na wenye tuktuk. Wa kwanza alitaka shilingi 300 kuwapeleka Russia peke yao. Mkaza mwana akashuka naye hadi 200. Wangeweza kupanda matatu ya Kondele kwa shilingi 50 kila mmoja, na wapo watakaosema alitupa pesa. Mimi nasema alifanya sawa. Mzee alikuwa ameshapanda na kushuka vya kutosha, matatu ya mjini ingemtaka ajikunje kiti cha nyuma, na tuktuk ya kujaza ingewabana watatu nyuma, yeye na mkwewe bega kwa bega. "Peke yenu" kwa mtu kama huyu ni hitaji kamili la safari. Kilichoweza kuboreshwa ni mahali pa kupatania tu. Bei inayotajwa ndani ya steji, mbele ya madereva wenzake, hupanda kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana ameivunja. Ukitoka hadi ukingo wa barabara ukasimamisha tuktuk inayopita tupu, dereva yuko peke yake na mazungumzo huwa mafupi.

Walifika getini saa mbili na dakika thelathini na tano. Foleni ilikuwa imeshaanza, kadi yao ikaingia mwisho. Daktari aliwaona saa tano kasoro dakika ishirini. Walibakiwa na dakika ishirini kufika Milimani. Mwenye haraka hapatani bei vizuri, na hii ndiyo gharama halisi ya kupitilizwa asubuhi, kubwa kuliko zile shilingi 200.

Teksi ya simu na kijana wa tuktuk

Mkaza mwana ana programu ya teksi kwenye simu, shemeji yake alimwekea. Akaita gari akiwa amekaa kwenye benchi ndani ya uwanja wa hospitali. Bei ikaonekana: shilingi 250. Dereva akakubali, gari likaonekana linasogea kwenye ramani, kisha likasimama. Simu ikalia.

"Uko wapi, madam?"

"Niko Russia, hapa ndani."

"Mimi naona uko ng'ambo. Vuka barabara."

Alama inayoonyesha kwenye ramani ya simu mahali abiria alipo ilikuwa imedondokea upande wa pili wa barabara ya Kakamega, ambayo sasa ni ya njia mbili zilizotenganishwa. Dereva akiwa upande ule, ili aje getini ni lazima aende mbele atafute pa kugeuza. Mzee wa mkongojo hawezi kuvuka pale. Dereva alipoambiwa kuna mgonjwa, akasema atageuza, ila mkaza mwana afute safari kwenye programu na walipane mkononi, shilingi 400.

Maombi haya ya kufuta safari yamekuwa ya kawaida na sipendi kuyarahisisha. Madereva wana malalamiko ya kweli. Bei za programu ni za chini, na kampuni inakata sehemu yake, ingawa kanuni za mwaka 2022 zimeweka kikomo cha asilimia 18. Lakini safari ikishafutwa, abiria anabaki bila chochote: hakuna rekodi ya gari, hakuna njia iliyohifadhiwa, hakuna pa kulalamikia mkoba ukisahaulika. Kwa mama kijana aliye na mzee asiyeweza kusema, katika mji asioujua, hiyo ndiyo sababu hasa ya kuita teksi ya simu badala ya gari lolote la barabarani. Alikataa kulipana nje ya programu, akaifuta safari na kuachana na dereva huyo, na hakutafuta nyingine. Naona aliamua vyema. Kilichomwangusha ni alama. Ukiwa hospitalini au sokoni usiache simu ijichagulie mahali. Sogea mpaka getini, isogeze alama kwa kidole mpaka ikae upande wa barabara ulipo, kisha piga simu kabla gari halijaanza kuja na useme kitu kinachoonekana: geti, bango, kituo cha mafuta.

Nje ya geti kulikuwa na teksi iliyotaka 500 kwenda tu. Kando yake kijana wa tuktuk alikuwa anafuta kioo. Hapa mkaza mwana akafanya jambo ambalo kwangu ndilo bora zaidi katika siku nzima. Hakumuuliza Milimani ni pesa ngapi. Alimwambia: nina mgonjwa, nataka utupeleke Milimani, utungoje apigwe picha, uturudishe hapa hapa, na usiokote mtu njiani, sema bei ya yote. Kijana akamtazama mzee, akasema, "Baba yetu huyu, leta 800." Wakaafikiana 600, mia tatu wakifika Milimani na mia tatu wakirudi Russia.

Fikiria faida yake. Milimani ni mitaa ya nyumba zenye nyua na miti, matatu haziingii. Kutoka kituo cha picha wangeanza kutafuta chombo upya, barabara tupu, mzee amesimama. Safari mbili za kupatana moja moja zingefika au kuvuka 600, na wasiwasi juu. Kugawa malipo mara mbili kulimfanya kijana asiondoke, na pia kulimlinda yeye, maana abiria naye huweza kutoweka kwa mlango wa nyuma. Malipo ya kwanza aliyatuma kwa M-Pesa, na jina lililotokea kwenye simu akalilinganisha na alilotajiwa. Akahifadhi namba. Mzee alikaa upande mmoja wa kiti cha nyuma, yeye upande wa pili, mkoba wa nguo katikati. Njiani dereva alipunguza mwendo kwenye kila tuta bila kuambiwa. Walifika saa tano na dakika kumi na mbili, wakapokelewa. Saa saba kasoro dakika ishirini walikuwa wamerudi Russia na bahasha kubwa ya picha mkononi.

Jioni, mambo yanageuka

Dawa zilipatikana na wakatoka hospitalini saa tisa na nusu. Mkaza mwana alikuwa amejifunza somo la asubuhi: gari la Chavakali linapita hapa hapa mlangoni, ya nini kwenda steji? Wakasimama barabarani. Walikaa hapo karibu saa nzima, na mvua ya alasiri ikaanza.

Sababu yake ni kwamba wakati wa kurudi kanuni inageuka. Asubuhi gari linakuja mjini limejaa na linamwaga watu njiani, kwa hiyo njiani ni pazuri pa kushukia. Jioni gari linaondoka steji likiwa tayari limejaa, kwa hiyo njiani hupati kiti. Unapata mabaki. Lililosimama kwanza lilikuwa na nafasi ya kibao kilichowekwa kati ya viti viwili. Tangu Februari 2004, zilipoanza kanuni za Waziri John Michuki za mikanda, vidhibiti mwendo na idadi ya abiria, gari la 14 ni la watu 14, na kibao hicho hakina mkanda wala mahali pa mguu usiokunjika. La pili lilikuwa gari dogo aina ya Probox lililokuwa na watu saba tayari na dereva akasema wawili wanaingia. Mzee alitikisa kichwa mara moja, akageuka upande. Hakuhitaji ulimi kwa hilo, na ninamuunga mkono kabisa. Watu wa kwetu wamezoea Probox kwa sababu inafika vijijini ambako matatu hazifiki, nami naelewa, lakini mgonjwa wa kiharusi aliyebebanishwa na watu wanane hana pa kujishikilia gari likipiga breki.

Hapo mkaza mwana akampigia yule kijana wa tuktuk. Alikuja, akawapeleka Kondele kwa shilingi 100. Kondele ndiko walikopaswa kwenda tangu mwanzo. Magari ya barabara ya Kakamega yanajaza pale pia, hakuna haja ya kuteremka mjini ili upande tena, na kuna vibanda vya kujikinga mvua. Kwa anayetoka Russia jioni kwenda Kiboswa, Majengo, Mbale au Chavakali, Kondele ndiyo steji yake.

Nauli ilikuwa imepanda hadi 200 kwa sababu ya mvua. Viti vya mbele vilikuwa vimechukuliwa. Palikuwa na safu moja ya viti vitatu, na mkaza mwana akalipia vyote vitatu, shilingi 600. Makanga alidhani kuna mtu wa tatu anakuja. Alipoelezwa kwamba kiti cha katikati ni cha bahasha na dawa, alicheka, akakubali. Mamboleo akajaribu kukalisha mtu hapo, na Kiboswa tena. Mara zote mbili mkaza mwana alimwonyesha ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 600. Ndiyo maana inafaa kulipia kiti cha ziada kwa simu badala ya pesa mkononi. Makanga aliyeshika noti nyingi jioni hakumbuki nani alitoa ngapi.

Mbale, gari likaamua kutoendelea. Abiria waliokuwa wamebaki wa kwenda mbele walikuwa wachache, na makanga akatangaza kwamba wanafaulishwa kwenye gari lililokuwa mbele. Desturi ni kwamba makanga wa kwanza humlipa mwenzake, lakini gizani na kwenye mvua desturi hiyo husahaulika, na abiria hujikuta akidaiwa upya. Mkaza mwana hakushuka. Alisema kwa upole kwamba mzee hataondoka kitini mpaka makanga wa gari la pili aje hapa mlangoni aseme amepokea nauli ya watu watatu. Ilichukua dakika tano na maneno kadhaa. Makanga wa pili akaja, akasema amepokea, akamshika mzee mkono kumvusha. Chavakali walifika giza limeingia, bodaboda mbili tena, 200.

Hesabu na safari ijayo

Jumla ya nauli kwenye karatasi ile ni shilingi 2,200. Mwana alipoiona aliniuliza kama si afadhali akodi gari la mtu kutoka Chavakali kwa siku nzima, bei aliyotajiwa ikiwa 4,500. Kwa hali ya mzee ilivyo sasa, sioni haja. Gari la kukodi lingewasaidia asubuhi na jioni, lakini mchana kutwa lingekaa tu uwanjani likilipiwa. Hali ikibadilika, akawa hawezi kukaa wima saa nzima, nitakuwa wa kwanza kumwambia akodi gari hilo.

Naamini pia hospitali kubwa kama hii inastahili kituo chenye bango linaloonekana kutoka ndani ya gari pande zote mbili za barabara, na mahali halali pa matatu kusimama hapo, ili "Siwezi kusimama hapa" lisiwe jibu. Wasimamizi wa mji wanaweza kulifanya hilo kwa gharama ndogo, na wanaofaidika ni wasioweza kutembea.

Kliniki ijayo ni mwezi wa Juni. Tumekaa na mkaza mwana tukaipanga. Mzee atabeba kadibodi yenye maandishi makubwa: NASHUKA RUSSIA. Ataionyesha kwa dereva mwenyewe kabla gari halijaondoka Chavakali, na nauli italipwa baada ya dereva kuitikia. Hatakaa tena mbele peke yake. Watalipia viti vitatu asubuhi pia, ili wawe safu moja na kila mmoja amwone mwenzake. Akipiga kiti kwa mkono wa kushoto, yupo anayejua maana yake. Kijana wa tuktuk ameshapigiwa simu na kuambiwa tarehe, na amesema bei ni ileile 600 ikiwa watahitaji kwenda Milimani. Jioni wataenda Kondele moja kwa moja.

Bodaboda za kwenda 200, viti vitatu vya asubuhi 450, tuktuk ya kutoka steji haipo tena, Milimani kwenda na kurudi 600, Kondele 100, viti vitatu vya jioni 600 hata mvua ikinyesha, bodaboda za kurudi 200. Jumla inakuwa shilingi 2,150.